Maneno ya ndani: nikisoma kitabu cha Kimbugu nikiwa Kileo

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmbugu. Aliolewa akitokea Usambara, akashuka hadi Kileo, huku kwetu chini ya milima ya Ugweno, akazeeka akiongea Kipare na Kiswahili kama majirani wote. Lugha yake nyingine tuliisikia mara chache, dada yake alipokuja kumtembelea kutoka Lushoto. Wakibaki wawili jikoni, maneno yanabadilika. Sisi wajukuu tulijibanza mlangoni kusikiliza. Kitu cha ajabu ni kwamba tulikuwa tunaelewa nusu. Zile "va-" na "ki-" zilikuwa zile zile za Kipare, ila katikati ya neno palikuwa giza tupu. Siku moja nikamuuliza. Akasema, "Hayo ni ya ndani, mjukuu wangu," akaendelea kupepeta mchele.

Miaka mingi baadaye nimekutana na kitabu kinachoieleza hiyo nusu ya pili. Kinaitwa The Making of a Mixed Language, kimeandikwa na mwanaisimu Mholanzi, Maarten Mous, na kilitoka mwaka 2003. Nimekisoma chote likizo hii, na nina shukrani nacho na ugomvi nacho.

Kwanza tuweke mambo sawa kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia habari hizi. Wambugu wana namna mbili za kusema. Kuna Kimbugu cha kawaida, ambacho ni jamaa wa karibu sana wa Kipare. Halafu kuna Kimbugu cha ndani, ambacho wenyewe wanakiita pia Kima'a. Sarufi ni moja: ngeli zile zile, viambishi vile vile. Kinachobadilika ni msamiati. Maneno mengi ya ndani yana asili ya Kikushi, ukoo wa lugha kama Kiiraqw cha Mbulu. Mengine ni ya Kimasai. Na kuna sauti, kama ile "hl" ya ulimi pembeni, ambayo Kipare hakina. Ukitaka mfano wa nyumbani, mfikirie kijana anayesema "nimekublock". Mwili wa kitenzi ni Kiswahili, moyo wake Kiingereza. Sasa fikiria lugha nzima ya hivyo.

Wataalamu wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka mia. Mjerumani Carl Meinhof aliiandika mapema, mwaka 1906. Mwaka 1971 Morris Goodman akatoa makala ambayo kichwa chake chenyewe kinaiita kisa cha ajabu. Mwaka 1988 Sarah Thomason na Terrence Kaufman wakaifanya mfano maarufu: kwa maelezo yao, Wambugu walikuwa Wakushi walioshikilia maneno yao huku sarufi ya Kibantu ikiwaingia polepole, kipande kwa kipande, hadi ya zamani ikaisha.

Mous anaigeuza hadithi hiyo, na hapa ndipo kitabu kinapopata thamani yake. Anasema Wambugu walishahamia kwenye lugha ya Kibantu, yaani waliishaanza kusema kama Wapare. Baadaye ndipo wakajitengenezea msamiati wa pili, kwa makusudi, ili wasimezwe. Waliokota maneno ya wazee wao, wakaongeza ya majirani wafugaji, na yalipopungua wakachukua maneno ya kawaida wakayapinda mpaka yasitambulike. Sehemu hiyo ya kupinda maneno ndiyo niliyoisoma mara mbili. Nani kati yetu hajacheza kinyume shuleni, "kitabu" kikawa "bukita"? Vijana wa Nairobi wanafanya hivyo kila siku kwenye Sheng. Kumbe bibi hakuwa amebeba mabaki ya kale tu. Alikuwa amebeba kitu ambacho watu walikaa wakakitengeneza.

Napenda hoja hiyo kwa sababu inatuondoa kwenye swali moja lililochosha: hawa watu wametoka wapi? Ndilo wanaloulizwa hata Wabaski, wale wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani. Wameunganishwa na Caucasus, wameunganishwa na Waberberi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya wakulima wa kale waliozikwa Atapuerca, kaskazini mwa Hispania, wakaona ukaribu na Wabaski wa leo. Sawa, si jambo dogo. Ila mifupa haituambii kwa nini mama wa Kibaski aliendelea kumfundisha mwanawe kuita nyumba "etxe" enzi za Franco, lugha hiyo ilipofungiwa mashuleni.

Wambugu wenyewe wanasimulia kwamba walitoka Lukipya, ambako wengi wanakufananisha na Laikipia ya Kenya, wakiwakimbia Wamasai. Mous anayasikiliza masimulizi hayo kwa heshima, bila kuyameza yote.

Ugomvi wangu uko hapa. Kitabu kinasema Wambugu walitaka kujitofautisha na majirani. Vizuri, lakini majirani hao ni nani? Ni sisi Wapare, na Wasambaa. Na sisi kitabuni tunaonekana kama hali ya hewa: tupo, tumezunguka, hatufanyi kitu.

Mimi nimeona tunachofanya. Babu alipofariki na mvutano wa kiwanja ukaanza, shemeji mmoja wa bibi alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema, huyu mama ni mtu wa kuja, atuambie ametoka wapi. Bibi alikuwa ameishi Kileo zaidi ya miaka arobaini. Alimjibu kwa Kipare safi kuliko cha shemeji mwenyewe. Kiwanja alibaki nacho, ila tangu siku ile hatukumsikia tena akisema ya ndani, hata dada yake alipokuja.

Kwa hiyo ninaposoma eti jamii fulani "ilichagua" kuwa na lugha ya siri, nataka na upande wa pili uandikwe. Swali la asili, likiulizwa kwenye kikao cha ardhi, si udadisi. Ni hati ya kufukuzia mtu. Huenda lugha ya ndani ilizaliwa kwenye kujibu swali hilo, na kwetu ilinyamazishwa na swali hilo hilo.

Lawama ya mwisho ni ya kawaida, na si ya Mous peke yake: kitabu ni cha Kiingereza, bei yake si ya mtu wa Lushoto, na ile orodha ndefu ya maneno nyuma inamfaa zaidi mtu wa Leiden kuliko mjukuu wa Mmbugu. Mtu akiitafsiri orodha hiyo kwa Kiswahili, hata kama kijitabu cha kushonwa kwa pini, atakuwa amefanya kazi kubwa.

Mimi nimeanza na mama. Anakumbuka maneno kumi na moja. Nimeyatafuta kitabuni, tisa nimeyaona. Mawili hayamo. Dada yake bibi bado yuko hai, na mwezi ujao napanda Lushoto kumuuliza hayo mawili.