FreeDOS haiamuke pa kila mashini

Kila mara nasikia ati FreeDOS inatembea pa kompyuta yoyote. Kwangu, sifa hiyo ni nusu ya kweli. Kazi hii ya Jim Hall, iliyoanza 1994, inatembea vizuri hata pa prosesa 386 ya 1985. Lakini inategemea BIOS. Kompyuta nyingi mpya ziko na UEFI peke. Hapo haiamuke, hata prosesa ikiwa ya Intel. Pa ARM njo kabisa: ile prosesa iko na lugha ingine. Inabaki QEMU, programu inayoiga mashini nzima ya zamani. Lakini hata QEMU haisome disiketi iliyooza. Mafaili ya zamani ya maofisi, tuyakopie leo, mbele disiketi ziharibike.