Jiji Kichwani

Kufikia saa tano asubuhi, kwa hesabu za mpwa wangu, nusu ya London tulikuwa tumeshaimaliza. Orodha alikuwa nayo kwenye simu: Bunge, daraja la Westminster, mnara wa saa, kasri la mfalme. Kila tulipofika aliweka alama ya vema, kisha akanipanga. "Mjomba, sogea kushoto. Mjomba, vua kofia. Cheka basi, mkaza mjomba atasema umelazimishwa." Nikacheka. Leo nikizitazama zile picha naona uso uleule mahali kumi na moja, na nyuma yake kitu ambacho kila mtu anakijua. Kwamba Big Ben ni jina la kengele, na mnara wenyewe tangu 2012 unaitwa Elizabeth Tower, nililisikia kwa mama mmoja aliyekuwa akiwaeleza wanawe. Sisi tulikuwa tunakimbilia alama ya vema nyingine.

Rasharasha ilitukuta Trafalgar Square. Simu, iliyokuwa kazini tangu alfajiri, ikazima. Ikazima na orodha, ikazima na ramani, ikazima na ujuzi wote wa mpwa wangu kuhusu jiji analoishi mwaka wa sita sasa. Akageuka huku na huku, mgeni kuliko mimi.

Mfukoni nilikuwa na kijidaftari, na ndani yake anwani ya bibi mmoja Mwingereza aliyetufundisha sekondari Tanga miaka ya sabini. Nilikuwa nimemwahidi kwa barua kwamba siku nitakayofika nitakwenda kunywa chai kwake. Gibson Square, Islington. Nikainua mkono kuisimamisha teksi nyeusi yenye taa ya rangi ya chungwa juu ya paa.

"Mjomba, hizo ghali!"

"Nalipa mimi. Ingia."

Nikataja mahali. Dereva, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, hakugusa simu wala hakufungua ramani. Aligeuza gari palepale barabarani kwa mkunjo mmoja, kama mtu anavyojigeuza kitandani. Baadaye nilisoma kwamba teksi hizo kwa kanuni hutakiwa kuweza kugeuka mahali padogo hivyo. Halafu akacheka peke yake.

"Gibson Square, mzee? Huko ndiko sote tulikoanzia."

Nikasogea kwenye kiti, nikamwuliza kwa nini. Tangu hapo sikutazama tena dirishani.

Tangu 1865, atakaye leseni ya kuendesha teksi hizo sharti afaulu mtihani ambao wenyewe wanauita Maarifa, basi, bila kuongeza neno. Anatakiwa ajue mitaa yote iliyo ndani ya maili sita, kama kilomita kumi, kutoka Charing Cross. Mitaa hiyo ni kama 25,000. Na si majina tu. Ajue upi ni wa kwenda tu bila kurudi, upi haukati kulia, na hospitali, misikiti, makanisa, hoteli na majumba ya maigizo yaliyomo humo. Kitabu cha kujifunzia kina safari 320, na safari ya kwanza, inayojulikana na kila dereva kama sisi tunavyoijua Alhamdu, inatoka kituo cha Manor House na kuishia Gibson Square. Charing Cross yenyewe inapimiwa penye sanamu ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi, hatua chache kutoka pale tulipolowea. Tulikuwa tumempiga picha Nelson juu ya nguzo yake, Charles tukampa mgongo.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, ambako barabara zina namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Ukijua kuhesabu umeshaujua mji. Dar es Salaam nako tunaelekezana kwa vitu na watu: shuka Buguruni Sheli, ukifika Sinza Kwa Remmy piga simu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali watu wazima hukaa chini kuusoma mji kama unavyosomwa msahafu.

Na husomwa hivyo hasa. Mwanafunzi hununua pikipiki ndogo, akafunga kibao mbele kwenye usukani na juu yake karatasi ya safari ya siku hiyo, akatoka kuipita njia kwa macho yake, iwe mvua, isiwe mvua. Utawaona, dereva aliniambia, wamesimama kona ya barabara wanaandika jina la baa. Jioni hukaa wawili wawili, ramani kubwa mezani kati yao. Mmoja hutaja mwanzo na mwisho. Mwenzake hufumba macho na kuanza kusoma: toka kushoto Green Lanes, mbele, kulia, pita Highbury Corner, ingia Upper Street. Akikosea hurudishwa nyuma. Mimi nilikijua kitendo hicho kabla hajamaliza kukieleza. Chuoni kwetu tuliita kudurusu, na aliyeruka aya alirudishwa vilevile, ila kwetu kulikuwa na fimbo.

Kisha akanieleza habari ya uzi. Wakishasoma safari, huchukua uzi wa kushonea, wakaunyoosha juu ya ramani kutoka mwanzo hadi mwisho, ukazwe. Huo ndio mstari ulionyooka. Njia ya mwanafunzi hupimwa kwa kuutazama uzi: imeukumbatia, au imetangatanga mbali nao? Dereva alinyanyua vidole viwili kutoka kwenye usukani, akavuta uzi usiokuwapo hewani. Mkono ulikuwa bado unaukumbuka baada ya miaka ishirini na mitatu.

Mtihani wenyewe ni wa ana kwa ana, nao hurudiwa mara nyingi. Mtahiniwa huvaa suti na tai. Mtahini hutaja mahali pawili, na huyu husoma njia kwa mdomo, mtaa kwa mtaa. Mwanzoni huitwa kila siku 56, akipanda ngazi kila siku 28, mwishowe kila siku 21. Miaka mitatu au minne hupita hivyo, na wengi huishia njiani. Dereva wetu alifaulu kwa miaka minne na talaka moja. Alilisema hilo kama anayetaja namba ya leseni.

Mwaka 2000, marehemu Eleanor Maguire na wenzake wa University College London waliwapima madereva hawa, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujua njia, ni kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Walipowafuatilia wanafunzi miaka iliyofuata, walikuta badiliko hilo kwa waliofaulu, si kwa walioshindwa. Mitaa ilikuwa imejijengea nyumba kichwani.

Mpwa wangu, ambaye alikuwa amenyamaza tangu Strand, hapo akasema kile ambacho kila kijana angesema: simu inafanya yote hayo bure. Kweli inafanya. Madereva wa teksi nyeusi wanapungua, na sababu mojawapo ni hiyo. Lakini simu ilikuwa mfukoni mwake, imezima, na sisi tulikuwa tunasonga Rosebery Avenue. Mbele foleni ikajifunga. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki alikuwa ameshakata kona, hakuuliza mtu. Nilimkumbuka nahodha mmoja wa Pemba niliyesafiri naye utotoni, aliyekuwa akiujua mwamba kwa rangi ya maji. Naye hakuweza kukueleza amejuaje. Kwangu ufundi ndio huo, maarifa yaliyokaa muda mrefu hata mwenyewe akasahau kwamba aliwahi kujifunza. Simu haijawahi kujifunza Gibson Square, inaisoma upya kila mara.

Tukapita Angel, tukashika Liverpool Road, tukaingia Theberton Street, tukafika. Ni bustani ndogo imezungukwa na nyumba za matofali, na ndani yake kuna kijengo kama hekalu la kale. Nikamwuliza ni kaburi la nani. Si kaburi, akasema. Ni tundu la kutolea hewa la treni ya chini ya ardhi, reli ya Victoria. Wakazi walikataa bomba la zege, wakajengewa hekalu. Nikainama. Kweli, kulikuwa na mngurumo chini kabisa.

Hatukupiga picha. Bibi alikuwa mlangoni, kikoi begani, anatupungia.

Ukijaliwa kufika London, siku ya kwanza weka nauli ya teksi moja nyeusi, hata ya mwendo mfupi. Jina la mtaa liandike kwenye karatasi, simu iache mfukoni, na umwulize dereva safari yake ya kwanza iliishia wapi.