Mtani Asiye na Ukoo

Mtaa wa Mikocheni, katika wilaya ya Kinondoni, ulipata jina lake kwa miti ya mikoche. Walakini kwa muda wa miaka ishirini sasa wengi huujua kwa mitambo ya televisheni kuliko kwa miti. Kituo cha East Africa Television, chenye makao yake huko, ndicho kilichorusha kipindi cha Ze Comedy katika miaka ya 2000. Joti, Masanja, Mpoki na wenzao waliingia majumbani mwa watu kwa mavazi, kwa sauti za kuigiza na kwa nyuso zilizokunjwa. Na hata walipohamia TBC1 wakajiita Orijino Komedi, mavazi hayo walihama nayo. Amri Athumani wa Tanga, aliyeitwa King Majuto na aliyefariki mwezi wa Agosti 2018, naye alikuwa mtu wa kuigiza. Nyuma yao vilikuwapo vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre, vilivyochanganya ngoma, taarabu na michezo ya kuchekesha katika kumbi za vinywaji za Dar es Salaam. Katika namna zote hizo mchekeshaji alikuwa na mwenzake wa kumjibu na vazi la kujifichia.

Mchekeshaji asimamaye peke yake, ambaye sanaa yake vijana wa mjini huiita standapu, hana mwenzi wala vazi. Ana kipaza sauti, na ana dakika arobaini za kuzijaza kwa ulimi. Akiwa ni msafiri, atokaye Nairobi au Kampala, amepungukiwa na jambo jingine lililo kubwa kuliko hayo: hana ruhusa. Hapa ndipo ilipo shida ya sanaa hii katika Afrika ya Mashariki, na ndipo penye kipimo chake pia. Wasemao kuwa standapu ni kitu kilicholetwa kutoka Marekani wamesema kweli juu ya kipaza sauti tu. Juu ya mzaha wenyewe wamesahau kuwa nchi hii ilikuwa na sheria ya mzaha kabla ya umeme, na sheria hiyo ni utani.

Utani si mzaha wa ovyo. Radcliffe-Brown, alipoandika mwaka 1940 juu ya mahusiano ya namna hii, alionyesha kuwa mmoja ameruhusiwa, na pengine amelazimishwa, kumfanyia mwenzake dhihaka, na mwenzake amekatazwa kukasirika. Katika miaka iyo hiyo R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika. Wanyamwezi walioshuka pwani na misafara ya karne ya 19 walifika kwa Wazaramo wakiwa wageni, nao wakawa watani. Mgeni aliyeweza kutukanwa kwa kicheko aliweza pia kupewa maji na kuzikwa akifa njiani. Hata leo mtani huja msibani akamwigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mambo mawili hushika utani usianguke: mtaniwa yupo, anasikia, na zamu yake itafika. Hivyo ndivyo Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zilivyoweza kuitwa watani wa jadi. Anayecheka Jumamosi hii huchekwa siku nyingine.

Sasa msomaji na achukue ukumbi mdogo wa Mikocheni, wa viti sitini, na mchekeshaji wa Nairobi amesimama mbele ya viti hivyo. Nyumbani kwake amezoea kicheko cha lafudhi: Mluo hivi, Mkikuyu vile, Mluhya na ugali wake. Ndiyo mali iliyokuzwa kwa miaka mingi katika Churchill Show. Akiimwaga hapa, wasikilizaji watamtazama kwa adabu, na adabu ni kifo kibaya kwa mchekeshaji. Hawana Mluo wala Mkikuyu wa jirani wa kumlinganisha. Wanaye Mchaga aendaye Moshi mwezi wa Desemba, na Mhaya asifuye elimu yake. Lakini msafiri huyu naye hawezi kumtania Mchaga. Nani kampa?

Mwenye akili huanza kwa kujitoa mwenyewe. Liko neno la zamani, lililochakaa kidogo lakini halijafa: Mkenya huingia hotelini akasema nipe chai, na Mdarisalama, aliyefundishwa kuomba hata kile atakacholipia, husikia amri. Mchekeshaji akisimulia jinsi mhudumu alivyomtazama kwa neno hilo, na akakiri kuwa Kiswahili chake kinanuka vumbi la barabara, amefanya kazi kubwa kwa sentensi mbili. Amewapa wenyeji zamu ya kwanza ya kucheka, na kwa hiyo amewadai ya pili. Utani uliochukua vizazi kati ya Wanyamwezi na Wazaramo umetungwa kwa dakika tatu. Ni utani mwepesi, hautafika asubuhi, lakini kwa usiku mmoja unatosha. Baada ya hapo anaweza kuigusa foleni ya barabara ya Bagamoyo, na hata Mchaga.

Wachekeshaji wenyeji, waliokulia katika majukwaa kama Cheka Tu ya Coy Mzungu, hufikiriwa kuwa wamesamehewa kazi hiyo. Si kweli, na mara nyingine wao hukosea zaidi. Ukumbi wa Mikocheni huketi watu waliolipa kiingilio na kuja kwa gari. Mchekeshaji akiwachekesha kwa watu wa Mbagala, kwa daladala zao, vyumba vyao vya kupanga na Kiingereza chao, ukumbi hulipuka. Kicheko hicho ni kikubwa lakini hakina thamani, kwa kuwa mtu wa Mbagala hayumo ndani wala hana zamu. Kwa Kiswahili jambo hilo lina jina lake nalo si utani, ni kusengenya. Mchekeshaji yuleyule akienda Temeke na kuwachekesha watu kwa mageti na mbwa wa Mikocheni, kosa ni lilelile, ijapokuwa ni jepesi, maana anayechekwa ndiye mwenye nguvu. Mwenye ustadi huwageukia walioketi. Katika chumba kidogo nyuso zinaonekana, na sauti ya mmoja wa nyuma ikijibu, yote husikika. Msanii aachaye nafasi ya jibu hilo anajua zaidi juu ya utani kuliko yule aliyekariri dakika arobaini bila pumzi.

Nguvu ndilo jambo linaloleta uzito. Viongozi wa Tanzania hupenda utani majukwaani. Humwita waziri kwa kabila lake, humtania mkuu wa mkoa, na umati hucheka. Lakini Idris Sultan, mchekeshaji aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014, aliitwa polisi mwezi wa Oktoba 2019 kwa picha alizobadilisha sura yake na ya Rais John Magufuli, na mwezi wa Mei 2020 alikamatwa baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akicheka picha ya zamani ya Rais huyo. Mashtaka yaliyofuata yalihusu laini ya simu. Abunuwasi wa hadithi alikuwa na jumba la Harun al-Rashid na hila zake za kumwokoa. Mzaha ushukao kutoka juu bila kuruhusiwa kupanda si utani, hata ukitamkwa kwa lafudhi ya utani.

Ndiyo maana chumba kidogo kilikuwa na faida: yaliyosemwa humo yalibaki kwa waliokubaliana. Siku hizi simu huinuliwa tangu neno la kwanza, na kipande cha nusu dakika hufika kesho kwa Mchaga asiyekuwapo, kwa mtu wa Mbagala, na kwa askari. Wachekeshaji wengi wamekwisha kulijua hilo. Msafiri mzoefu huonekana akizitazama simu kwanza, na nyuso baadaye. Na pale simu zilipo nyingi, ile hadithi ya mhudumu na chai huwa ndefu kuliko kawaida.