Pongezi kwa Makarani wa Kaunti ya Cook

Miongoni mwa kazi zinazostahiki taadhima, na ambazo aghalabu hazipewi, naitanguliza kazi ya makarani wa kaunti ya Cook, uliko mji wa Chicago huko Marekani, ambao mbele yao wachumba hufika pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake, wakalipa ada na kupewa idhini ya kuoana. Idhini hiyo huanza kutumika siku ya pili yake, ikadumu siku 60, wala haina nguvu nje ya mipaka ya kaunti. Na ndoa ikisha kufungwa, aliyewaozesha hulazimika kuirejesha idhini hiyo ofisini kabla ya siku 10 kupita, ipate kusajiliwa.

Lakini fadhila yao kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni kuhifadhi. Moto mkuu wa Oktoba 1871 uliteketeza daftari za ndoa, hata vizazi vilivyotangulia vikakosa ushahidi wao. Na tangu hapo makarani, mmoja baada ya mwingine, wameitunza amana ya daftari zilizofuata kwa subira ambayo siwezi kuitaja bila ya kuisifu. Ndiyo maana leo mjukuu wa mhamiaji aliyetoka Polandi au Ireland, aitafutaye nasaba yake, akitaja majina ya maarusi na mwaka wa ndoa, huweza kupewa nakala ya hati iliyotimiza miaka 50 au zaidi, akasoma humo umri wa bibi yake alipoolewa, na jina la aliyemwozesha.