Kumbukumbu za Uchanga katika Tawasifu

Mwandishi wa tawasifu anapotueleza mambo yaliyompata kabla hajatimiza miaka miwili, msomaji ana haki ya kumwuliza: haya uliyaona au ulisimuliwa? Mashuleni swali hili twalipita upesi mno, nasi tumelipita mara nyingi.

Tazama kisa cha Jean Piaget, bingwa wa Uswisi wa elimu ya akili za watoto. Hadi alipofikia umri wa miaka 15 hivi aliona waziwazi moyoni mwake jinsi mtu mmoja alivyotaka kumnyakua kigarini, katika barabara ya Champs-Élysées mjini Paris. Mshipi ulimzuia asitoke, yaya akapigana hata akakwaruzwa uso, watu wakakusanyika, akaja polisi mwenye joho fupi na kirungu cheupe. Ndipo yaya, ambaye sasa alikuwa ameingia Jeshi la Wokovu, akawaandikia wazazi kuungama kwamba kisa chote alikitunga. Akairudisha na saa aliyotunukiwa kwa ushujaa wake. Piaget akatambua kwamba alikisikia kisa hicho utotoni, akakigeuza kuwa picha yake mwenyewe.

Uongo wa yaya hautushangazi sana. Kinachotushtua sisi wahakiki ni lile joho fupi. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba maelezo ya kinaganaga ni dalili ya ukweli wa mwandishi. Kumbe hapa yalikuwa dalili ya msimulizi hodari tu. Wala Piaget hayuko peke yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 uliwahoji watu 6,641, na takriban 39 katika kila mia walidai kukumbuka jambo la umri wa miaka miwili au chini yake, ilhali wataalamu wengi huweka kumbukumbu ya kwanza kwenye umri wa miaka mitatu hivi.

Wako waandishi waliojihadhari. Agostino, Mwafrika wa kaskazini, katika Maungamo yake anakiri kwamba uchanga wake haukumbuki. Aujua kwa kuambiwa na kwa kuwatazama watoto wengine. Tippu Tip, ambaye habari zake za Kongo twazisoma kwa Kiswahili chake mwenyewe, aanza alipokuwa na miaka 12, tayari yu safarini kutafuta biashara. Kunyonya na kutambaa hakuvitaja. Wengine huona huo ni upungufu wa tawasifu yake. Sisi twaona ni uaminifu, ingawa huenda alikuwa na haraka tu ya kufikia pembe za ndovu.

Hata hivyo, tahadhari nayo yaweza kudhulumu. Zamani tulisahihisha insha ya mvulana aliyeeleza maziko ya baba yake: mvua, jamvi lililolowa, shangazi chini ya mwavuli mweupe. Tulijua kwamba wakati ule hakuwa na miaka miwili. Tukaandika kwa wino mwekundu, "Uongo", tukampunguzia alama. Mama yake alikuja shuleni, akatuamkia kwa adabu, akatueleza kwamba mambo hayo alimsimulia yeye kila mwaka, mvua na jamvi, ili mtoto apate japo kitu cha baba yake. Tukaona haya, tukaomba radhi. Alipofika mlangoni akageuka. Mwavuli, alisema, ulikuwapo kweli, lakini yeye hakumbuki kuwahi kumtajia.