Steringi Mwingine

Katika mfululizo wa James Bond kuna picha moja ambayo kwa miaka mingi ilitajwa kwa kile inachokosa: haina Sean Connery. Ni On Her Majesty's Secret Service, iliyotoka Desemba 1969, ya sita katika mfululizo. Nafasi ya Connery alipewa George Lazenby, Mwaustralia aliyekuwa mwanamitindo na mtu wa matangazo. Lawama zilianzia hapo, na kwa wengi ziliishia hapohapo. Mimi naiweka juu ya zote zilizoitangulia, na nataka kuonyesha sababu kwa kuitazama ilivyokatwa na kuungwa, maana ubora wake uko huko kuliko kwenye hadithi.

Nina sababu nyingine, na hii ni ya kwetu Salale, deltani Rufiji. Mwongozaji wake, Peter Hunt, ndiye aliyeongoza Shout at the Devil ya mwaka 1976, picha iliyojengwa juu ya kisa cha Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji mwaka 1914. Mkono mmoja, picha mbili. Moja ilidharauliwa kwa kuwa mwendelezo. Ya pili inahusu mahali hapa, na mwendelezo wake haujapigwa na mtu yeyote.

Kabla ya kuongoza, Hunt alikuwa mhariri. Picha za mwanzo za Bond, kuanzia Dr. No ya 1962, zilipita chini ya mkasi wake, na ule mwendo wa haraka tunaouhesabu kuwa wa Bond kwa sehemu kubwa ni wa kwake. Katika mapigano alikuwa anaondoa katikati ya tendo: ngumi inaanza kwenda, kisha mtu yuko chini. Macho yako yanajaza pengo yenyewe, na kwa kuwa umelijaza wewe, unaliamini. Alipopewa picha nzima aiongoze, aliupeleka mtindo huo mbali kiasi kwamba baadhi ya watazamaji waliona fujo tu.

Tazama mwanzo. Gari linakwenda pwani ya Ureno, na dereva hatumwoni sawasawa. Tunaona mikono, kofia, sigara ikiwashwa, kisha jicho likichungulia kwenye darubini ya bunduki. Mwanamke anatembea kuingia baharini akiwa amevaa gauni lake, wala harudi nyuma. Dereva anateremsha gari mchangani, anakimbia, anamtoa majini mikononi mwake. Hapo ndipo uso unapoonekana na jina kutajwa. Hunt anajua kwamba ukumbi mzima unasubiri kuuona uso huo ili uuhukumu, kwa hiyo anauchelewesha mpaka mwenye uso awe ameshafanya jambo la huruma. Halafu wanatokea watu wawili wenye silaha, ugomvi unahamia kwenye maji mafupi, maji yanaruka mpaka kwenye lenzi, na mishindo inakatwa mifupi kuliko pumzi. Ugomvi ukiisha, mwanamke ameshaondoka na gari. Steringi ameshinda na amebaki peke yake ufukweni. Mwisho wote wa picha umo katika dakika hizo chache, ila kwa mara ya kwanza huwezi kuuona.

Maandishi ya mwanzo nayo yana maana yake. Maurice Binder ameweka shisha ya mchanga, na ndani yake zinapita sura za wanawake na maadui wa picha zilizotangulia. Baadaye Bond anajiuzulu, anafungua droo ya meza yake, anatoa kimojakimoja vifaa vya kazi za zamani, na kila kimoja kinakuja na kipande cha muziki wa picha yake. Aliyezipenda picha za nyuma inamchoma: huyu mgeni anashikaje vitu vya mwenyewe? Asiyezijua anaona mtu anapekua droo. Sekunde hizohizo tayari zimezaa watazamaji wa aina mbili, na hawatakubaliana tena mpaka taa ziwashwe.

Kasoro ipo, na siifichi. Katika You Only Live Twice ya 1967, Bond na adui yake Blofeld walitazamana ana kwa ana. Hapa Bond anapanda mpaka ngome ya mlimani Uswisi akiwa amejibadili kwa miwani na jina la kukopa, na Blofeld hamtambui. Chanzo ni mpangilio wa vitabu: Ian Fleming alikitoa kitabu hiki mwaka 1963 na kile kingine mwaka 1964, watengeneza picha wakaugeuza mfuatano. Nimesoma watetezi wakisema Bond amebadili sura. Huo ni utetezi wa kulazimisha. Picha inayotoa vifaa vya zamani kwenye droo haiwezi kumsahaulisha adui sura ya mtu aliyemharibia mipango yake. Hapo mwandishi alizembea, na mwenye kuichukia picha hii kwa ajili hiyo ana haki yake.

Lakini kuna kipande kimoja kinacholipa deni hilo na zaidi. Bond ametoroka mlimani usiku, ameteleza kwenye theluji akiwindwa, ameingia mji mdogo wenye sherehe za Krismasi. Watu wanacheza, muziki uko juu, na watu wa Blofeld wamo ndani ya umati. Mtu aliyevaa vazi la dubu anamwangazia taa ya kamera usoni, naye anashtuka. Anakaa kando ya uwanja wa barafu, kola ameipandisha, kichwa ameinamisha. Kamera inambana karibu, na tunachokiona ni hofu. Bond anaogopa, tena hana pa kukimbilia. Kisha miguu yenye viatu vya barafu inakuja mpaka mbele yake inasimama. Kamera inapanda polepole kutoka kwenye viatu, na aliyesimama ni Tracy, yule mwanamke wa baharini. Safari hii yeye ndiye mwokozi. Connery, pamoja na ukali wake wote, nisingemwamini katika kiti kile. Uchanga wa Lazenby mbele ya kamera, ambao wakosoaji waliuhesabu kuwa upungufu, ndio unaofanya hofu ile iaminike. Na Diana Rigg, aliyemcheza Tracy, alikuwa mwigizaji mzito kuliko wote waliomzunguka, hivyo anaposimama juu yake kamera haidanganyi ni nani mwenye nguvu kwa wakati ule.

Mwisho unajulikana na wengi. Wanaoana Ureno. Gari limejaa maua, Bond anasimama kando ya barabara ayaondoe. Gari jingine linapita, risasi zinalia. Anarukia usukani, anataka kuwafukuza, anageuka kumsemesha mkewe. Tracy ameshakufa. Polisi wa pikipiki anafika, na Bond anamweleza kwa utulivu kwamba mkewe anapumzika tu kidogo, kisha anamwinamia. Kamera inamaliza kwenye kioo cha mbele chenye tundu la risasi. Hunt, mtu wa kukata haraka, hapa anauweka mkasi chini na kuacha shoti idumu. Kwa zaidi ya saa mbili ametuzoesha kasi, kwa hiyo utulivu huu unauma kuliko kelele yoyote.

Niliionyesha picha hii Nyamisati, kwenye kibandaumiza, kwa watu waliokuwa wanasubiri boti ya Mafia. Mabenchi ya mbao, televisheni moja, jenereta nje. Ilipofika tundu la kioo, kijana mmoja aligeuka nyuma.

"Sasa bro, steringi gani huyu? Mkewe anauawa naye analia tu?"

Mama mmoja mwenye ndoo ya kamba alimjibu kabla yangu. "Wewe mwanangu hujafiwa. Muulize baba yako." Akaniambia mimi: "Hii ndiyo picha. Zile za kurukaruka wape wenyewe."

Sidhani kama mama yule alikuwa na jicho kali kuliko kijana. Walilelewa na picha tofauti. Pwani yetu ililia sana mbele ya picha za Kihindi, Awara ya 1951, Mother India ya 1957 ambamo mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe. Kwa mtu aliyekulia huko, steringi anayelia hapungukiwi na kitu. Kijana amekulia kwenye komando mmoja anayemaliza jeshi zima. Na kuna jambo jingine: amezoea Bongo Movie za miaka ya 2000, ambapo hadithi moja ilikatwa vipande viwili ikauzwa Part 1 na Part 2, na kipande cha kwanza kilikatwa makusudi pale kisu kiko hewani. Mtazamaji aliyefunzwa hivyo ana haki ya kuuliza ya pili iko wapi. Kijana alipoona kisasi hakijalipwa, aliniomba niweke inayofuata.

Nami nilijua inayofuata haina jibu lake, na ndipo naona kiini cha ugomvi kuhusu picha hii. Mwaka 1971 ilitoka Diamonds Are Forever. Connery amerudi. Inaanza Bond akimsaka Blofeld kwa hasira, lakini jina la Tracy halitajwi hata mara moja, na baada ya dakika chache yote yamegeuka mzaha. Watengenezaji walifanya kana kwamba harusi ile haikufungwa. Kwa hiyo mtazamaji wa miaka hiyo alikuwa na picha yenye jeraha ambalo mwendelezo wake wenyewe ulilikana, na akahitimisha kwamba iliyopotea njia ni ile ya 1969. Ilipita miaka 12 tangu harusi ile kabla ya kaburi lake kuonyeshwa. Mwaka 1981, For Your Eyes Only inafunguka makaburini: Bond anaweka maua kwenye kaburi la mkewe. Aliyeiongoza ni John Glen, na Glen ndiye aliyekuwa mhariri wa On Her Majesty's Secret Service. Mtu aliyekata shoti za kifo kile alirudi kukizika. Mwaka 2021, No Time to Die ikautumia tena wimbo aliouimba Louis Armstrong kwa ajili ya Bond na Tracy. Kila mara picha mpya ilipokiri kwamba Tracy aliwahi kuishi, ile ya 1969 ilipanda daraja, bila fremu yake moja kubadilika. Wanaobishana kama ni nzuri au mbaya mara nyingi wanabishana bila kujua kuhusu picha zilizokuja baada yake.

Aliyeweka maua kaburini mwaka 1981 alikuwa Roger Moore. Miaka mitano kabla, Moore huyohuyo alikuwa kwenye mikoko, chini ya Hunt, katika Shout at the Devil.

Si mikoko yetu. Walipiga Afrika Kusini, enzi ya ubaguzi, na sehemu nyingine Malta. Meli wameiita Blücher. Lee Marvin ni jangili wa meno ya tembo, Moore ni Mwingereza mpole anayeponzwa naye, na nusu ya kwanza ni vichekesho. Kisha nyumba inachomwa, mtoto mchanga anauawa, na picha inageuka kuwa ya kisasi. Hunt anajaribu mpigo uleule wa barabara ya Ureno: furaha, kisha kifo ghafla. Safari hii haukai. Kifo cha Tracy kilitayarishwa tangu ufukweni. Hiki kimewekwa ili steringi wapate sababu ya kulipua meli. Hofu haipewi shoti yake, kila kipande kinakimbilia mlipuko.

Na Mswahili wa picha hiyo ni mtumishi anayeitwa Mohammed. Ni bubu. Amechezwa na Ian Holm, Mwingereza, akiwa amepakwa rangi. Katika hadithi ya Rufiji, mtu wa Rufiji hakupewa hata neno moja, na hata kimya chake kimechezwa na mwingine. Sikubali kuliita hilo jambo la zama zake. Ni uamuzi wa umbo: ukimfanya mwenyeji bubu, mlipuko unaweza kuwa mwisho, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kusimulia kilichofuata.

Kilichofuata ni kikubwa kuliko meli. Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikakimbilia kwenye delta, na ikapigwa mpaka ikaangamia tarehe 11 Julai 1915 na meli za Severn na Mersey, ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga. Lakini mizinga yake kumi haikufa nayo. Ilitolewa mtoni, ikafungwa magurudumu, ikaburutwa kwa miguu na mikono ya Waafrika kutoka uwanja mmoja wa vita hadi mwingine. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na wa Pegasus uko hapohapo. Hunt alisimama kwenye mlipuko. Atakayekuja aanzie asubuhi iliyofuata, maji yamekupwa, watu wa Salale wameitwa kuvuta chuma kwenye tope, na wa kwanza kusema awe Mohammed.