Deni la Mkanda

Mzee alitaja elfu themanini, nikacheka kwa adabu. Kamera ilikuwa imelala kati ya pasi ya mkaa na redio isiyo na mfuniko wa betri, kwenye meza ya mitumba pale Mwenge. Mbele, karibu na jina Zenit-E, ilikuwa na pete tano za Olimpiki: toleo la Moscow 1980, michezo ile ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali mbili za fedha. Hilo sikumwambia. Angepandisha bei.

Kamera ya mtumba hununuliwa kwa sikio kwanza. Unaikoki, unabonyeza, unasikiliza. Kasi ya 1/30 na ya 1/500 zikilia sawasawa, ujue mtambo wa kasi umechoka. Kisha unafungua mgongo na kuielekeza juani, maana pazia la Zenit ni la kitambaa, na kila kitundu kitakuwa nyota nyeupe kwenye picha zako zote. Halafu lenzi. Unaimulika kwa tochi ya simu kutoka upande, ndipo unaona ukungu ukitambaa kama mizizi. Unyevu wa pwani hauna huruma na kioo kilichofungiwa kabatini. Ukungu wa kamera hii ulikuwa pembeni tu. Nikautumia kupunguza bei.

“Mwanangu, hii imepiga harusi nyingi,” akasema mzee.

“Ndiyo maana imechoka, mzee wangu.”

Tukaachana kwa hamsini. Kipimo chake cha mwanga kilikuwa kimekufa, lakini jua la Dar la saa saba mchana nani alipime? Mkanda wa 400, tundu 16, kasi 1/500, unapiga. Shida huanza nyumbani. Maelekezo ya dawa ya kusafishia mkanda yanataka maji ya nyuzi 20, na maji ya bomba la Kinondoni hayajawahi kuzisikia nyuzi hizo. Kwa hiyo huwa nanunua barafu za watoto kwa jirani, zile za kwenye vifuko, na kuzipanga ndani ya beseni bila kuzipasua, maana ukwaju ukimwagika humo utakuwa umesafisha kitu kingine kabisa.

Lakini ninachokipenda zaidi si dawa wala mlio. Ni deni. Ukimpiga mtu picha kwa simu, anasema “nionyeshe”, anatazama, mmemalizana. Ukimpiga kwa mkanda, huna cha kumwonyesha. Lazima urudi.

Wapiga picha wa mtaani wa utotoni mwangu waliishi kwa deni hilo: walichukua nusu ya pesa Jumapili, picha wiki ijayo. Wapo waliowasha flashi tu, ndani hamna mkanda, na mtaa ule hawakuukanyaga tena. Wenye studio walikuwa na mlango wa kubisha hodi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi, aliyetaka picha yake alijua pa kwenda. Wa mtaani dhamana yake ilikuwa miguu yake mwenyewe.

Mkanda wangu wa kwanza nilikwenda nao kwenye vibanda vya vinyago. Fundi mmoja wa Kimakonde alikuwa amekaa chini ya turubai, gogo la mpingo limebanwa kwa nyayo, tezo mkononi. Hakuinua macho. “Piga tu,” alisema. “Wazungu wanapiga kila siku.” Chini ya turubai mwanga ulikuwa mdogo, nikashusha hadi 1/30, nikazuia pumzi, nikampiga moja. Moja tu, maana picha 36 si nyingi kwa mtu anayelipia kila kosa.

Nilirudi na picha baada ya siku kumi na moja. Alijipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea, akaishika kwa kingo, akaitazama mpaka nikaanza kuona haya.

“Mbona tezo langu halionekani?”

“Lilikuwa linatembea, mzee. Kamera haikuliwahi.”

Akaguna. Akatafuta msumari, akaipigilia kwenye nguzo ya turubai, juu kidogo, vumbi la mpingo lisiifikie. Halafu akauliza kama kwenye mashine zimebaki picha.

“Sita.”

Akageuka kuelekea vibanda vya nyuma, akaita majina manne kwa sauti.

“Mimi tena mwishoni,” akasema. “Safari hii nitalisimamisha.”